Kipande cha pua kilichokufa si jibu

Vipande viwili vya kwanza vya pua ya mgonjwa mmoja nilivisoma mimi. Pua ilikuwa imeziba upande mmoja na kaakaa limeanza kutoboka. Nikaandika: tishu iliyokufa, seli za kinga nyingi, hakuna saratani. Kipande cha tatu kikaonyesha limfoma ya seli za NK/T, yaani saratani ya seli za kinga aina ya NK (seli uaji asilia) au T. Wiki zile alizopoteza bado zinaniuma, ndiyo maana nawaandikia mnaoanza kusoma slaidi za pua.

Anza na lenzi ndogo, utafute mishipa ya damu. Ugonjwa huu huizunguka, hupenya kuta zake na kuiharibu, na tishu inayoitegemea hufa. Kwa hiyo eneo lililokufa usiliruke: mara nyingi kivuli cha seli kuuzunguka mshipa bado kinaonekana. Kisha nenda ukingoni, penye uhai. Usisubiri seli kubwa za kutisha. Zinaweza kuwa ndogo au za kati, viini vimejikunjakunja, zimejificha kati ya seli za kinga za kawaida: limfosaiti, seli za plazma na eosinofili. Seli zilizopondwa na koleo usizitolee hukumu.

Tazama na utando wa juu. Huweza kunenepa na kushuka chini kwa ndimi hadi ufanane na saratani ya seli bapa. Mwenye haraka huishia hapo, wakati limfoma iko chini yake.

Rangi za kingamwili, zinazowasha protini za seli zenye majina kama CD3 na CD56, nazo zina mitego. CD3 ikiwaka, usikimbilie kusema ni seli T za kawaida. Kwenye kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta, CD3 hunasa mnyororo wa epsiloni, sehemu ya protini hiyo iliyo ndani ya seli, na seli za NK wanao. Omba CD5, ambayo kwa kawaida haiwaki, pamoja na CD56, granzimu B na TIA-1 (protini za seli uaji), na EBER, kipimo cha RNA ya virusi vya Epstein-Barr. CD56 peke yake haitoshi, kwani saratani nyingine, kama neuroblastoma ya neva za kunusa na rabdomiosakoma ya misuli, huiwasha pia. EBER peke yake vilevile: saratani ya nasofarinksi (koo la nyuma ya pua) huwa nayo, basi ongeza keratini, alama ya seli za utando. Mgonjwa akiwa na VVU, fikiria limfoma ya plazmablasti. Humo CD20, alama ya seli B, haiwaki; CD138, alama ya seli za plazma, huwaka.

EBER isipowaka, uliza kwanza kama kipande kililowekwa kwenye asidi ya kulainisha mfupa, maana RNA huharibika. Hakikisha kidhibiti cha RNA, kipimo kinachoonyesha kwamba RNA ya kipande bado ipo, kimewaka.

Siku hizi kipande kikiwa kimekufa chote, nampigia simu daktari wa masikio, pua na koo, kisha naandika: “Sampuli haitoshi. Limfoma bado inawezekana. Ondoa gaga, chukua vipande kadhaa vya kina kutoka ukingo ulio hai.”