Kabla hujachagua klasi (aina ya mhusika) kwenye WoW Classic

Wadau, kama ndo unaanza gemu la mtandaoni la World of Warcraft Classic (WoW) usikimbilie Warrior (mpiganaji wa karibu) kisa kwenye picha anaonekana mbabe. Jamaa hawezi kujiponya, kila ukipigana mara mbili tatu unakaa chini kula mkate, na silaha ikiwa ya kizamani hata nguruwe pori anakutoa jasho, mi nilifika levo 20 nikachoka nikaanza upya.

Unacheza peke yako? Chukua Hunter (mwindaji). Ukifika levo 10 unafuga mnyama wako, yeye anakula kipigo wewe uko mbali unarusha mishale, ila mlishe maana akinuna sana anakukimbia mazima, na mishale beba ya kutosha (mi ilinikatikia porini nikabaki napiga na shoka kama nachanja kuni).

Mage (mchawi) naye poa, anajitengenezea maji na chakula bure so hela haitoki hovyo. Warlock (mchawi wa mapepo) levo 40 anapata farasi wa kupanda karibu bure, sisi wengine tunasaka gold (hela ya gemu) ya kumnunua kama wendawazimu.

Ila mkiwa washkaji watano mnaingia dungeon (pango la maadui wagumu) mmoja awe Priest (kasisi anayeponya wenzake), bila mponyaji mtakaa saa zima mlangoni mnaita watu.