Lecha anakutaka ndo akupe maksi: jinsi ya kupeleka malalamiko, kuanzia chuoni mpaka TAKUKURU

Kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kikikaribia ndo hizi meseji zinaanzaga, "kozi weki yako ina shida, pita ofisini jioni", na jioni yenyewe unakuta ni saa moja na nusu, jengo zima watu washaondoka. Kama umepata meseji ya hivyo, au ishavuka meseji, soma hapa mpaka mwisho, nimeweka ninachokijua kuhusu vyuo vya hapa Tanzania. Na wanaume mnahusika pia, yanawapata ila hamsemi.

Nianze na kosa tulilofanya sisi. Mwaka wa pili nilikuwa CR, yaani kiongozi wa darasa, chuo sikitaji, binti mmoja wa darasani kwetu akanifuata analia, lecha kamwambia wazi somo lake hafaulu mpaka "waelewane". Tukaenda ofisi ya wanafunzi mara tatu, mara zote tunaongea kwa mdomo, mara zote tunaambiwa tumewasikia, kuweni wavumilivu. Matokeo yakatoka kapigwa sapu, yaani arudie mtihani. Tukarudi tumewaka, mama wa pale akafungua faili mbele yetu, halina kitu. Na hakudanganya, hatukuwahi kuandika hata mstari mmoja. Toka siku hiyo nawaambia watu, malalamiko ni karatasi yenye tarehe na muhuri, ukiongea tu umepiga stori.

Kwanza jua lako ni lipi, maana ndo linaamua unaenda wapi.

Mtu mwenye madaraka akidai ngono ili akupe kitu, iwe maksi, nafasi ya field (mafunzo kwa vitendo) au saini ya risechi yako, hiyo ni rushwa ya ngono. Ipo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, faini isiyozidi milioni 5 au jela isiyozidi miaka 3 au vyote viwili. Kosa ni kule kudai kwenyewe, sio mpaka uwe umekubali wala mpaka kitokee kitu. Hii ni ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa.

Kushikwashikwa, maneno machafu, vitu vya kimapenzi usivyovitaka, hata kama maksi hazijatajwa, huo ni unyanyasaji wa kijinsia, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, na ni wa polisi. Hapa kuna kitu wengi hawakijui kabisa: siku 60. Zikipita siku 60 toka tukio, chini ya kifungu hicho huwezi tena kufungua malalamiko. Sasa wewe unasema ngoja nimalize mitihani kwanza, afu likizo, afu field, ukija kushtuka siku zimeisha.

Kama umebakwa, barua sio kitu cha kwanza. Nenda hospitali sasa hivi, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na mapema zaidi ndo bora, usioge kama unaweza, nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Usiende peke yako.

Ushahidi. Usifute chati, hata zile ulizojibu "sawa sir" kwa uoga, usizionee aibu, zinaonyesha hofu ilivyokuwa. Skrinshoti zioneshe namba yake, maana kama umemsevu "Lecha Takwimu" inatokea hilo jina tu na yeye atasema sio yeye. Zitume kwenye imeili yako, na simu yenyewe usiiuze wala kuifomati, inaweza kuhitajika. Alafu chukua daftari uandike kila tukio, siku, saa, mahali, maneno yenyewe aliyosema, nani alikuona unaingia au unatoka. Rumeti uliyemsimulia usiku ule ule naye ni shahidi, mwombe aandike anachokumbuka mapema kabla hajasahau.

Afu barua, ukurasa mmoja unatosha. Usiandike "amekuwa akinisumbua kwa muda mrefu", hiyo haimfungi mtu. Andika hivi kwa mfano: "Tarehe 14 Machi saa 10 jioni, ofisini kwake, alifunga mlango, akanishika mkono akaniambia maksi zangu zipo mikononi mwake nikimfurahisha. Nilitoka saa 10 na dakika 20, nikakutana na fulani kwenye ngazi." Umeona ilivyo tofauti? Tukio, tarehe, maneno.

Mwisho wa barua weka unachotaka, na hapa ndo wengi wanapokosea, wanamaliza na "naomba msaada wako" basi. Omba kwa majina: karatasi yangu ya mtihani na kozi weki visahihishwe na mtu mwingine, vitunzwe visipotee, nibadilishiwe supavaiza, mlalamikiwa asiwasiliane na mimi mpaka suala liishe. Uchunguzi unaweza kuchukua muda ila haya hayahitaji kusubiri matokeo yake.

Unaipeleka wapi? Dawati la jinsia la chuo kama lipo, wizara ya maendeleo ya jamii ilishatoa mwongozo wa kuanzisha haya madawati vyuoni mwaka 2021, kwahiyo una haki ya kuuliza lenu liko wapi. Halipo, peleka kwa mlezi wa wanafunzi yaani Dean, nakala kwa naibu makamu mkuu wa chuo anayesimamia taaluma. Kama mlalamikiwa ni rafiki wa mkuu wa idara, hiyo idara iruke.

Siku ya kupeleka, printi nakala mbili, weka kwenye bahasha iliyoandikwa SIRI. Sekretari atakuuliza mbele ya foleni nzima "shida yako nini dada?", jibu "ni barua ya siri, naomba unigongee muhuri kwenye nakala yangu". Akikwambia acha tu hapo, simama. Sisi tuliporudi na barua baada ya lile faili tupu tulisimama karibu nusu saa, yule binti kashika nakala yake kwa mikono miwili, mpaka ukagongwa ule muhuri wa bluu na tarehe. Karatasi yake ikasahihishwa na lecha mwingine, akafaulu.

Ukiitwa kwenye kamati, uliza mapema kama unaweza kuja na mtu. Ukiulizwa ulivaa nini, jibu kwa utulivu tu kwamba unaomba swali hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Omba uamuzi kwa maandishi na uulize rufaa ni ndani ya siku ngapi. Na chuo kikikaa kimya, andika barua ya kukumbushia ukitaja tarehe ya ule muhuri, nakala TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu.

TAKUKURU huhitaji ruhusa ya chuo wala kusubiri kamati imalize. Piga 113, ni bure, au nenda ofisi yao ya wilaya. Kama lecha bado anakutaka na anakupangia sehemu ya kukutana, nenda kwao KABLA ya hiyo siku na simu yako, wao ndo watakwambia cha kufanya, usijitegee mtego mwenyewe ukaenda gesti peke yako ukategemea kurekodi. Na usimwanike mtandaoni kwanza, naelewa hasira, ila unampa muda wa kufuta kila kitu na kesi inaweza kukugeukia wewe.

Ubaguzi nao upo, wa kukataliwa field mgodini kisa msichana au kuambiwa uahirishe mwaka kisa mimba. Katiba ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa jinsia. Barua ni ile ile, ikikwama peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kama wewe ni mfanyakazi wa chuo binafsi una njia ya CMA pia, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, siku 30 kama umeachishwa kazi, 60 kwa mengine. Mwanasheria wa bure ulizia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Na wewe CR ukifuatwa na mwenzako, tafadhali usikimbilie kwa lecha "kuyamaliza". Mkalishe chini leo leo muandike tarehe pamoja, mhesabu zimebaki siku ngapi kwenye zile 60, na kesho asubuhi muende wote na bahasha.