Kubadilisha virungu vya vibanio vya msumeno wa nakshi ili bledi ikazike kwa urahisi

Fundi anayekata nakshi zenye matundu mengi ya ndani hushika kibanio cha bledi kuliko sehemu nyingine yoyote ya msumeno wake wa umeme, kwa kuwa kila tundu humlazimu afungue ncha moja ya bledi, aipitishe kwenye ubao, kisha aibane upya. Kirungu cha kukazia, yaani kichwa cha skrubu inayobana bledi, kikiwa na kipenyo cha milimita 12 au 15 tu, vidole huchoka mapema, mkazo hupungua, na bledi huchomoka katikati ya mkato. Wengi hapo hukimbilia koleo, nami nawasihi waache, kwani koleo humnyima fundi hisia ya kiasi anachokaza, na matokeo yake ni kirungu cha plastiki kilichopasuka au hesi za kibanio cha alumini zilizochunika. Dawa ni kirungu kipana zaidi, mradi kitengenezwe kwa kuzingatia nafasi, uzito na ncha ya skrubu.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwamba tatizo ni kirungu kweli. Bledi mpya mara nyingi huwa na utando wa mafuta ya kuzuia kutu, na utando huo unatosha kuifanya iteleze hata ikibanwa kwa nguvu. Sugua ncha zake kwa msasa laini, kiasi cha sentimita moja kila upande, uzifute kwa spiriti, na ufanye vivyo hivyo kwenye nyuso za ndani za kibanio. Kisha chunguza ncha ya skrubu yenyewe. Paka wino mzito mwishoni mwa bledi, ikaze, ilegeze, uangalie alama iliyobaki: wino ukifutika kwa upana wote wa bledi, skrubu inakandamiza sawasawa, ukifutika upande mmoja tu, ncha imeinama au imelika upande mmoja, na kirungu kipya, hata kiwe kikubwa namna gani, hakitaiponya. Ncha ya namna hiyo isawazishwe kwa tupa ndogo hadi iwe bapa na yenye pembe mraba na mhimili wa skrubu.

Ukishajiridhisha, chomoa waya wa umeme, legeza mvutano wa bledi, uitoe, kisha ufungue skrubu ya zamani na kuipima kwa kalipa. Hatua hii inahitaji subira, maana hesi zinazofanana kwa macho si lazima zilingane. Skrubu ya M5 ina kipenyo cha milimita 5 na hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 0.8, ilhali ile ya inchi inayoitwa 10-32 ina kipenyo cha milimita 4.83 na hatua inayokaribia sana hiyohiyo. Ukiilazimisha M5 kwenye tundu la 10-32 itaingia kwa kukwaruza na kuharibu hesi. Na ukiweka 10-32 kwenye tundu la M5 itaingia kwa ulegevu, ishike kidogo, kisha ichunike siku utakapokaza kwa nguvu. Vilevile M6 ina hatua ya milimita 1, na ile ya robo inchi yenye hesi 20 kwa inchi ina hatua ya milimita 1.27. Njia salama ni kuijaribu skrubu ya zamani kwenye nati unayoijua: ikizunguka kwa vidole hadi mwisho bila kukwama wala kuyumba, umepata jibu.

Ukubwa wa kirungu ndio unaoleta nafuu, kwa sababu nguvu ya kuzungusha huongezeka kwa kadiri ya kipenyo: vidole vilevile vikishika kirungu cha milimita 30 badala ya 15, mkazo huwa maradufu. Hata hivyo, kibanio hupanda na kushuka pamoja na bledi, mara mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kwa dakika, hivyo kila gramu unayoiongeza hurudi kama mtikisiko. Chagua plastiki ngumu, alumini au mbao ngumu nyepesi, wala usivutiwe na kirungu kizito cha chuma kwa sababu tu kinapendeza mkononi. Kwa kibanio cha chini, kinachofanya kazi chini ya meza penye nafasi finyu, napendelea kirungu cha duara kuliko chenye mabawa, kwa kuwa bawa linaweza kusimama upande wowote na kugonga meza au mkono wa msumeno.

Virungu vilivyounganishwa na bolti tayari vinapatikana, nawe ukivipata vyenye hesi sahihi, kata bolti iwe na urefu uleule wa skrubu ya zamani na usawazishe ncha yake. Ukitaka kujitengenezea, kata kisahani cha mbao ngumu chenye kipenyo cha milimita 30 na unene wa milimita 12, toboa katikati tundu linalolingana na bolti, kisha upanue upande mmoja kwa keekee ya milimita 10, kwa kina cha kichwa cha bolti. Kichwa cha bolti ya M6 yenye pembe sita kina upana huohuo wa milimita 10 kati ya pande zake bapa, kwa hiyo pembe zake zitauma mbao unapokibana kwa jiliwa, na ndizo zitakazozuia kirungu kuzunguka peke yake. Paka gundi ya epoksi kabla ya kubana, baada ya kufuta mafuta yote kwenye bolti, na uache ikauke siku nzima. Chonga mifereji midogo pembeni ili vidole vyenye vumbi visiteleze.

Iwapo vidole vyako vina maumivu ya viungo, kirungu kikubwa huenda kisitoshe. Hapo weka bolti yenye tundu la pembe sita kichwani na uikaze kwa spana yake yenye mpini wa umbo la T, ukikumbuka kuitoa kabla ya kuwasha mashine. Anza na kibanio unachokifungua mara nyingi zaidi.

Baada ya kufunga, weka bledi na uitazame kutoka mbele kwa kutumia kipimapembe kilichosimama juu ya meza. Ikiwa imeinama, rekebisha skrubu ndogo iliyo upande wa pili wa kibanio, kama mashine yako inayo, kwani skrubu hiyo ndiyo inayoamua mahali bledi inapokaa. Kaza hadi bledi itulie, kisha ongeza kidogo tu. Nguvu uliyoipata sasa inaweza kuchuna hesi za alumini kwa urahisi uleule. Zungusha mota kwa mkono mzunguko mzima, ukiangalia kirungu kikipita chini ya meza na kando ya mkono wa msumeno bila kugusa. Ndipo uwashe kwa mwendo wa polepole kabisa na kuongeza taratibu, na mtikisiko ukizidi ule uliouzoea, zima, chomoa waya, na upunguze unene wa kirungu kwa msasa.