Jinsi ya kuomba idhini ya kupunguza umeme na mafuta katika ofisi ya umma: kwa watumishi wa Tanga

Mwongozo huu ni wa afisa utawala, afisa usafirishaji, fundi au mtumishi yeyote wa ofisi ya umma hapa Tanga aliyechoka kuona uniti zinayeyuka na magari yanakunywa mafuta, na anataka idhini ya maandishi pamoja na fedha za kurekebisha. Nimeuandika nikifikiria ofisi ya ngazi ya mkoa. Halmashauri nitazitaja pale utaratibu wao unapoachana na wa mkoa.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilipoandika dokezo sabili, yaani karatasi fupi ya ndani ya kuomba uamuzi wa mkubwa, kuhusu jambo hili, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilijaza ukurasa mzima maneno mazuri: mabadiliko ya tabianchi, matumizi bora ya rasilimali za Taifa, vizazi vijavyo. Likarudi na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Tujadili." Aliyekaa serikalini anajua maana yake. Halikujadiliwa. Miezi minane baadaye niliandika lingine, nusu ukurasa, hesabu tupu. Siku ya nne likarudi: "Endelea. Afisa Ugavi ashughulikie." Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujashika kalamu.

Hatua ya kwanza: soma mita Ijumaa na Jumatatu

Ijumaa saa 9:30 alasiri, watu wakishaondoka, nenda kwenye mita. Kama ni ya LUKU, andika uniti zilizobaki. Kama ni ya kulipa baada ya kutumia, andika namba inayosomeka. Rudi Jumatatu saa 1:30 asubuhi kabla ya mtu kuwasha chochote, uandike tena. Hapo katikati ni saa 64 ambazo jengo halikuwa na mtu isipokuwa mlinzi.

Sisi tulikuta uniti 612 Ijumaa na 508 Jumatatu. Uniti 104 zimeondoka na ofisi imefungwa! Nilipanda na fundi kwenda kutafuta. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikuwa kinafanya kazi, na hicho ni haki yake. Cha ukumbi wa mikutano nacho kilikuwa kinanguruma, nyuzi 16, ukumbi mtupu, viti vimepoa kama vimetoka kwenye jokofu. Rimoti ilikuwa imepotea zamani, hivyo kilizimwa kwa swichi ya ukutani pale mtu alipokumbuka. Nikamuuliza mlinzi kwa nini hakizimi. Akanijibu: "Bosi, mimi nakikuta hivyohivyo. Nikizima, Jumatatu naulizwa nani kagusa."

Jibu hilo liliingia kwenye dokezo langu, bila jina lake. Mkubwa akisoma kwamba mlinzi anaogopa kuzima kiyoyozi anaelewa haraka kuliko ukimwandikia aya tatu za sera.

Sasa geuza uniti kuwa shilingi. Ofisi nyingi ndogo ziko kwenye kundi la bei la T1. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, uniti moja ya T1 ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Linganisha na risiti yako ya karibuni, utumie bei iliyomo humo. Kwa bei hiyo, uniti 104 ni zaidi ya shilingi 37,000 kwa wikiendi moja. Muombe mhasibu pia orodha ya manunuzi ya LUKU ya miezi 12 kwa namba ya mita. Ukiipanga kwa miezi utaona kaskazi inavyopandisha matumizi kuanzia Desemba na kusi inavyoyashusha.

Jengo kubwa linalotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi liko T2, na hapo ankara ina mstari ambao watu wengi hawausomi: wa kVA. Huo haujali umetumia umeme kwa muda gani. Unaangalia kilele, yaani ni mzigo gani mkubwa kabisa uliouvuta kwa wakati mmoja ndani ya mwezi. Asubuhi ya Februari watu wote wakiingia saa 1:30 na kuwasha viyoyozi kwa pamoja, kilele hicho mtakilipia hata kama siku zilizobaki mlikaa na feni. Dawa yake ni ratiba ya kuwasha kwa zamu, ghorofa baada ya ghorofa, na haihitaji senti ya bajeti. Iombee idhini kwanza, kwa sababu haina mtu wa kuikataa.

Hatua ya pili: hesabu kilichomo ndani

Pita chumba kwa chumba na daftari. Taa ngapi, za aina gani, viyoyozi vingapi, vya ukubwa gani, vilisafishwa lini. Taa ndefu za tyubu za zamani ni wati 36, bado hujaweka kinacholiwa na choki, kile kifaa cha kuiwasha tyubu. Ya LED ya urefu uleule ni wati 18.

Chukua mfano wa taa 60. Kila moja inaokoa wati 18, jumla wati 1,080. Kwa saa 8 kwa siku na siku 22 za kazi unapata uniti 190 kwa mwezi, sawa na shilingi 67,640. Tukichukulia tyubu moja inauzwa 8,000, taa zote ni 480,000. Fedha inarudi ndani ya miezi saba na siku chache. Mistari mitano kama hii ndiyo roho ya dokezo lako. Weka bei halisi uliyoulizia madukani, na taa ziwe zenye alama ya TBS, shirika la viwango. Tyubu za bei ya kutupwa zinaanza kupepesa kabla mwaka haujaisha.

Kwenye viyoyozi, kabla ya kuomba vipya, omba vilivyopo visafishwe. Chujio lililojaa vumbi linafanya mashine ihangaike mchana kutwa. Na uangalie madirisha. Majengo yetu ya zamani, yale ya kuta nene na dari za juu, yalijengwa yapitishe upepo wa bahari. Nimeona chumba ambacho madirisha mawili yalizibwa kwa plaiwudi ili kiyoyozi kipate pa kukaa, halafu watumishi wanalalamika joto kila umeme ukikatika. Tahadhari moja tu: kama jengo lenu ni la kihistoria, usitoboe wala kuziba chochote kabla ya kuwaandikia Idara ya Mambo ya Kale.

Hatua ya tatu: magari

Huku hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu inagusa watu. Chukua daftari la safari la kila gari kwa miezi mitatu: kilomita za kuanza, za kumaliza, lita, safari, saini ya aliyelitumia. Hesabu kilomita kwa lita kuanzia tanki lililojaa hadi tanki lililojaa tena.

Utakwama mapema. Kuna Land Cruiser mkonga ambayo kilomita hazisomi tangu siku nyingi, na dereva anakadiria. Basi ombi lako la kwanza kuhusu gari hilo liwe kurekebisha kisoma kilomita. Bila hicho kila namba inayofuata ni hadithi, na mkaguzi wa ndani atakuuliza wewe, hatamuuliza dereva.

Halafu angalia safari zenyewe. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Idara tatu zikipeleka kila moja gari lake siku moja, kwenda na kurudi ni kilomita 300; kwa gari la kilomita 8 kwa lita, hizo ni lita 37 na nusu. Wakipanda gari moja ni lita 12 na nusu. Suluhisho lake ni karatasi moja ya maombi ya usafiri inayopelekwa kwa afisa usafirishaji kila Alhamisi kwa safari za wiki inayofuata, aziunganishe. Wakuu wa idara watanung'unika, kila mtu amezoea gari la "kwake". Ndiyo maana agizo lazima litoke kwa mkuu wa ofisi; afisa usafirishaji peke yake hatawaweza.

Bei ya mafuta iwe ya Tanga. EWURA inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa kuwa kuna shehena zinazoshushwa bandari ya Tanga, bei zetu huwa na safu yake, tofauti na ya Dar es Salaam. Gari likijaza GPSA, wakala wa ununuzi wa Serikali, tumia bei iliyoko kwenye ankara yao.

Usiombe gari jipya katika dokezo hili. Kibali cha kununua gari la Serikali kinatoka Ofisi ya Waziri Mkuu na ununuzi unapitia GPSA. Ukilichomeka humu, ombi lote litasubiri safari hiyo ndefu.

Hatua ya nne: barua tatu za kutangulia

Kama jengo ni la TBA, wakala wa majengo ya Serikali, muandikie meneja wa mkoa kuomba ridhaa ya kugusa mfumo wa umeme. Kama mmepanga kwa mtu binafsi, soma mkataba kwanza.

Kwa TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa Serikali, muandikie meneja wa mkoa ukiomba mambo mawili: ukaguzi wa umeme na viyoyozi pamoja na makisio ya gharama, na ukaguzi wa magari. Matengenezo ya magari ya Serikali yanapita kwao, wanakagua kabla na baada. Makisio yao ndiyo yatakayokaa kwenye dokezo kama kiambatisho, na yana uzito kuliko bei ya fundi wako wa Ngamiani hata kama yule fundi ni hodari.

Ya tatu ni kwa TANESCO, na ni kwa wenye shida ya mita tu: ofisi mbili au tatu kwenye mita moja, au kantini ya mtu binafsi inayokula umeme wa ofisi. Omba mita zitenganishwe. Ombi la umeme mpya kwa ajili ya hiyo kantini mwenyewe analifanya kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa maombi ya mtandaoni.

Hatua ya tano: dokezo sabili

Andika madokezo mawili, la umeme peke yake na la mafuta peke yake. Ukiyachanganya, ubishi wa magari utazamisha taa. Lisizidi ukurasa mmoja, kwenye jalada lake au kwenye e-Ofisi, mfumo wa majalada wa kielektroniki, kama mmeshahamia huko. Mfano:

Kwa: Mkuu wa Ofisi
Kupitia: Mkuu wa Utawala na Rasilimaliwatu
Yah: Kubadilisha taa 60 na kuweka utaratibu wa kuzima viyoyozi

1. Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.
2. Kati ya Ijumaa saa 9:30 alasiri na Jumatatu saa 1:30 asubuhi, ofisi ikiwa imefungwa, zilitumika uniti 104 (Kiambatisho A).
3. Taa 60 za wati 36 zikibadilishwa kuwa za wati 18, ofisi itaokoa takriban uniti 190 kwa mwezi (Kiambatisho B). Makisio ya TEMESA ni Kiambatisho C.
4. Naomba idhini yako: (a) kununua na kufunga taa hizo kupitia kasma ya matengenezo ya majengo, (b) kumpa mlinzi wa zamu mamlaka ya maandishi ya kuzima viyoyozi vyote isipokuwa cha seva.
5. Nawasilisha kwa uamuzi.

Aya ya nne ndiyo inayosomwa. Iandike ili mkubwa aweze kujibu "Ndiyo kwa a na b" akiwa amesimama. Kabla ya kulipeleka masijala, pita kwa mhasibu muulize kama kasma hiyo, yaani kifungu cha bajeti, ina salio. Dokezo lenye kasma tupu ni barua ya salamu.

Hatua ya sita: fedha na ununuzi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ombi kubwa, la viyoyozi vipya kwa mfano, liwe mezani kwa wachumi kabla ya Desemba, maandalizi ya bajeti yakiwa yameanza. Kwa sekretarieti ya mkoa litaingizwa CBMS, mfumo wa bajeti wa Serikali Kuu. Kwa halmashauri linaingia PlanRep, mfumo wao wa mipango na bajeti, lipite timu ya menejimenti, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza la Madiwani. Mtafute mjumbe mmoja wa kamati mapema umuoneshe karatasi ya mita, inasaidia. Dogo kama taa linaweza kwenda kwa fedha iliyopo ya mwaka huu.

Idhini ikitoka, ununuzi unapita mfumo wa NeST, na malipo mfumo wa MUSE. Hakikisha kitu kimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kama hakimo, Kitengo cha Ununuzi kiuhuishe mpango kwanza. Taa zikifika, kamati ya mapokezi izihesabu na kuwasha chache pale pale. Tyubu za zamani zina zebaki, zisivunjwe wala kutupwa jalalani. Zipeleke stoo pamoja na choki zake, ziandikwe kwenye leja, zisubiri utaratibu wa mali chakavu.

Ijumaa ya kwanza baada ya kufunga, saa 9:30 alasiri, rudi kwenye mita. Jumatatu tena. Karatasi hiyo iweke kwenye jalada lilelile, juu ya dokezo, ndipo uandike lile la magari.