Kagua chaja kabla hujaichomeka ukutani: mwongozo wa fundi wa Nairobi

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, mama mmoja kutoka Kayole aliniletea simu hapa ninapofanyia kazi, kwenye vichochoro vya karibu na barabara ya Luthuli. "Fundi, hii simu siku hizi inanipiga nikiishika ikiwa kwa chaji," akaniambia. "Jana imempiga mtoto mpaka akaitupa chini." Niliikagua simu nisione kasoro. Nikamwambia, "Mama, simu yako haina neno. Kesho niletee kichwa cha chaja."

Akakileta. Kilikuwa cheupe, chepesi mno mkononi, kimenunuliwa shilingi 150 kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa kando ya barabara. Nilikigusa tu na bisibisi kikafunguka, kwa maana kilishikwa na tone la gundi. Ndani mlikuwa na kibodi cha kahawia, transfoma ya ukubwa wa punje ya hindi, transista moja na daiodi moja. Fyuzi haikuwepo. Nikakigeuza kibodi. Mstari wa shaba unaobeba stima ya ukutani ulikuwa umepita ubavuni mwa mstari unaoelekea kwenye simu, na katikati yao hata ukucha haungepita. Juu ya solda kulikuwa na utando wa kijani, alama ya unyevu uliokauka na kurudi mara nyingi. Nikamuuliza soketi yake iko wapi. Anaishi chumba kimoja, na soketi iko juu ya jiko. Mvuke wa sufuria ulikuwa ukiingia humo kila jioni na kuunganisha kile ambacho hakikutakiwa kuungana kamwe.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya pengo lile. Stima ya Kenya ni volti 240. Ikiingia kwenye chaja hugeuzwa kuwa ya mkondo mmoja, ikapanda hadi karibu volti 340, kisha ikakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ili itoke volti 5. Upande wa 340 na upande wa 5 havigusani kwa waya. Nguvu huvuka kwa sumaku tu. Kwenye chaja iliyoundwa vizuri utakuta pengo la milimita 5, 6 au zaidi kati ya pande hizo mbili, mara nyingi bodi yenyewe imechongwa mwanya hapo, na transfoma imezungushiwa utepe wa manjano tabaka juu ya tabaka. Nafasi hiyo na utepe huo ni pesa. Mtengenezaji akitaka chaja iuzwe shilingi 150, hapo ndipo anapoanza kupunguza, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuona ndani.

Mwaka 2016, UL, taasisi ya kupima usalama wa bidhaa, ilichukua chaja 400 za kuigiza zenye jina la Apple na kuzipima. Zilizofaulu kipimo cha kuzuia stima zilikuwa 3 tu. Kati ya zilizoanguka, 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu.

Utaijuaje basi bila kuifungua? Hatua tatu za kwanza zinafanyika dukani, na hazihitaji kifaa ila rula.

Hatua ya 1: Ipime kwa mkono

Omba uoneshwe chaja mbili za nguvu sawa, moja unayoiamini na moja unayotaka kununua. Shika moja mkono huu na nyingine mkono ule. Transfoma ya kweli ina chuma cha sumaku na shaba, kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zina uzito wake, kwa hiyo chaja nzuri hata ikiwa ndogo huhisi imejaa. Itikise karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani, irudishe. Uzito peke yake haukupi uhakika, maana nimewahi kufungua chaja iliyobandikwa kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote ila kumdanganya mshikaji. Lakini iliyo nyepesi kama ganda la yai usihangaike nayo zaidi.

Hatua ya 2: Tazama pini

Soketi zetu ni za pini tatu bapa, mtindo tuliourithi kutoka Uingereza. Chukua rula upime kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa mwili wa chaja. Panatakiwa kuwa na angalau milimita 9.5, ili kidole kinachoshika chaja wakati wa kuichomoa kisifike kwenye pini ambayo bado ina stima. Chaja nyingi mbovu huangukia hapa, na hutahitaji fundi wa kukuambia.

Kisha angalia plastiki nyeusi kwenye shingo za pini. Inatakiwa iwe kwenye zile pini mbili za chini. Ile ya juu, iliyo ndefu, ya waya wa ardhi unaopeleka ardhini stima iliyovuja, iwe chuma kitupu au iwe plastiki kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu chaja nyingi za simu haziitumii kwa stima. Ukiona pini ya juu ya chuma imevishwa plastiki shingoni, huyo aliyeiunda hakujua pini ile ni ya nini.

Sasa niseme jambo ambalo naliona karibu kila nyumba ninayoingia. Mtu ana chaja ya pini mbili za mviringo. Soketi inakataa kwa sababu matundu mawili ya chini yana vizibo vinavyofunguka pini ndefu ya juu ikiingia. Basi anachukua kalamu au kijiti, anakidunga tundu la juu, vizibo vinafunguka, anasukuma chaja ndani. Nimeona mtoto wa miaka sita akifanya hivyo kwa ustadi kabisa, amemwona baba yake. Tafadhali acheni. Pini ya mviringo haishikwi vizuri na chuma cha soketi. Inagusa kidogo, inatoa cheche, inapata joto, na baada ya miezi utaona soketi imegeuka kahawia. Na mtoto aliyejifunza kudunga kijiti leo, kesho atadunga msumari. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi ndani, au nunua chaja ya pini tatu moja kwa moja.

Hatua ya 3: Soma maandishi

Tafuta sehemu iliyoandikwa Input: iwe 100-240V, 50/60Hz. Sehemu ya Output itakuambia volti na ampea. Zidisha upate wati. 5V mara 2A ni wati 10. Kama mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya wati 65 na nyuma hesabu inakupa 10, umeshajua. Tafuta mraba mdogo ulio ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo inasema chaja ina kinga mbili na haihitaji waya wa ardhi. Makosa ya tahajia kwenye lebo nayo yachukulie kwa uzito.

Alama yoyote inaweza kuchapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa, ndiyo maana sianzi na lebo. Bidhaa inayoingia nchini inatakiwa kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na KEBS wanapokea ujumbe mfupi kwa namba 20023 kuhakiki namba za vibali. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya muuzaji. Muuzaji anayejua mali yake atakusubiri.

Hatua ya 4: Nusu saa ya kwanza nyumbani

Ukishafika nyumbani usiichomeke ukalala. Chukua simu ambayo chaji imeisha kabisa, kwa sababu ndipo inapovuta nguvu nyingi, na ukae nayo nusu saa ukiwa macho.

Baada ya dakika thelathini weka kiganja juu ya chaja. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo ukahesabu mpaka kumi, ichomoe. Harufu ya plastiki au ya samaki, ichomoe. Mlio kama wa nzi ndani yake, ichomoe. Na kuna dalili ambayo wengi huilaumu simu: skrini inaanza kujibonyeza yenyewe, herufi unazoandika zinaruka, lakini ukichomoa chaja inatulia. Hapo chaja inapitisha stima chafu isiyochujwa, na kioo cha simu kinashindwa kutofautisha kidole chako na makelele hayo. Wateja wangu kadhaa walikuwa wameshalipia kioo kipya mahali pengine kabla ya kunifikia, na shida ilikuwa kichwa cha chaja.

Halafu kuna kule kutetemesha. Hapa lazima niwe mkweli: hata chaja nzuri huvujisha kiasi kidogo sana cha stima kupitia kapasita iliyowekwa kwa makusudi kati ya pande mbili, na kwenye simu au laptopu yenye mwili wa chuma unaweza kuhisi kama ngozi inakwaruzwa. Kinachotisha ni mshtuko, ule unaokufanya uvute mkono. Hapo usichunguze. Zima soketi kwanza, kisha chomoa, wala usimpe mtu mwingine aijaribu.

Hatua ya 5: Vipimo ambavyo fundi wako anaweza kukufanyia

Mwenye multimeta na kile kipimo kidogo cha USB anaweza kukuonesha mambo mawili. Volti za kawaida za USB ziwe kati ya 4.75 na 5.25 simu ikiwa inachaji, na chaja ya kasi isiyounganishwa na kitu nayo ioneshe karibu 5, kwa kuwa haipandi mpaka simu iiombe. Ikionesha 7 bila kuombwa, betri yako iko hatarini kuvimba.

La pili ndilo muhimu, na hufanywa kwa megga, kifaa cha kupima jinsi kinga inavyozuia stima kupita, chaja ikiwa haijachomekwa popote. Naunganisha pini mbili za stima pamoja, naunganisha tundu la USB, napeleka volti 500 kati yao. Ikishuka chini ya megaohimu 2, naiweka kando na haitoki tena mezani kwangu. Nzuri husoma mamia. Ile ya mama wa Kayole ilisoma 0.3, tena siku ya jua.

Kufungua chaja mwenyewe sikushauri. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuichomoa, na haikupi onyo.

Hatua ya 6: Ukiwa na laptopu, anza na waya

Watu hukagua kile kitofali cheusi, wakasahau waya unaotoka kitofali hadi ukutani. Ule ndio unaobeba volti 240 sakafuni, chini ya meza, watoto wanapocheza. Plagi yake iwe na fyuzi, na kwa laptopu ampea 3 inatosha. Ukikuta nafasi ya fyuzi imezibwa kwa plastiki, au ndani mna kipande cha waya badala ya fyuzi, usiutumie. Gusisha sumaku kwenye waya wenyewe. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo ukinata ujue ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Fundi akupimie pia kama pini ndefu ya juu inafika kweli upande wa pili, maana kuna waya wa pini tatu wenye nyaya mbili tu ndani.

Volti za adapta ziwe sawa na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue.

Hatua ya 7: Mahali pa kuchajia

Hata chaja uliyoipitisha kwenye hatua zote iweke juu ya kitu kigumu mahali pakavu. Chini ya mto, ndani ya blanketi na juu ya godoro joto halina pa kutokea. Kama soketi yako pekee iko juu ya jiko, pika kwanza, chaji baadaye. Usivae spika za waya masikioni simu ikiwa kwenye chaji, na usiishike ukiwa umetoka kuoga. Stima ikipotea, chomoa kila kitu, kisha subiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo na vifaa hafifu huungua wakati huo.

Hatua ya 8: Iliyoshindwa isirudi mtaani

Kuna kituo cha WEEE Centre kule Utawala kinachopokea taka za umeme, na mafundi wengi tutakupokelea ukituletea. Lakini kabla hujaitoa mikononi mwako, iharibu. Niliwahi kuandika "MBOVU" kwa kalamu nzito kwenye chaja iliyoshindwa nikaitupa kwenye pipa la nje. Baada ya wiki tatu mteja mwingine kabisa aliniletea simu iliyovimba betri, pamoja na chaja aliyoinunua mtaani. Ubavuni, chini ya mwanga wa taa yangu, wino uliosuguliwa kwa spiriti ulikuwa bado unasomeka, M na B. Tangu siku hiyo nyundo inakaa juu ya meza.