Jinsi ya kuomba hesabu za fedha za jiji lako Uganda, kuanzia fomu hadi kwa hakimu

Wakazi wa Los Angeles, Marekani, wakipiga kura za jiji humchagua meya, humchagua diwani, na humchagua pia mtu ambaye kwetu hayupo kwenye karatasi ya kura: mdhibiti wa fedha za jiji. Huyu hukagua idara, husimamia malipo na huwaonyesha wananchi pesa zao zimekwenda wapi. Kenneth Mejia, mhasibu aliyeshinda kiti hicho mwaka 2022, alifanya kampeni kwa mabango ya barabarani yaliyoonyesha polisi wanachukua kiasi gani cha bajeti ya jiji. Kwa kuwa amewekwa na wapiga kura, meya hana uwezo wa kumtimua.

Hapa Uganda hatupigi kura ya namna hiyo. Anayekagua hesabu za serikali ni Mkaguzi Mkuu, anayeteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Kampala tunamchagua Lord Mayor, lakini tangu sheria ya jiji ya mwaka 2010, anayesimamia fedha za KCCA, yaani mamlaka inayoendesha jiji la Kampala, ni Mkurugenzi Mtendaji, naye huteuliwa na Rais. Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Fort Portal na Masaka, zilizopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, zina meya wa kuchaguliwa, ila anayeidhinisha malipo ni Karani wa Jiji, mtumishi wa umma.

Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua mtaro wa mtaa wake ulilipiwa shilingi ngapi inabidi aulize mwenyewe. Haki hiyo anayo. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 pamoja na kanuni zake za mwaka 2011 zinaeleza njia ya kupitia. Nimeipitia njia hiyo mara kadhaa, nyingine pamoja na majirani. Haya ndiyo niliyojifunza.

Anza na kilicho wazi tayari

Usiombe kitu ambacho kimeshachapishwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hupelekwa Bungeni kila mwaka ifikapo mwisho wa Desemba, zikihusu mwaka wa fedha ulioisha tarehe 30 Juni, kisha huwekwa kwenye tovuti ya ofisi yake. Tafuta sehemu ya jiji au wilaya yako uisome taratibu. Humo utakuta hoja kama vile malipo yasiyo na vocha, kazi iliyolipiwa kabla haijakamilika, au kodi za soko zilizokusanywa pungufu. Hoja moja ya aina hiyo inakuonyesha ni karatasi gani ya kuomba. Wizara ya Fedha nayo ina tovuti ya bajeti inayoonyesha fedha zilizopangiwa kila serikali ya mtaa. Usisahau ubao wa matangazo nje ya ofisi ya jiji. Watu wengi hupita mbele yake kila siku, na mara nyingine fedha za robo mwaka zimebandikwa pale pale.

Taja karatasi, usitaje mada

Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ombi langu la kwanza kabisa lilisema: "Naomba taarifa zote kuhusu fedha za barabara." Nililipeleka kwenye ofisi moja ya serikali ya mtaa nikiamini nimeuliza swali kubwa na la maana. Nilisubiri, nikaenda, nikaambiwa nirudi, nikarudi, na mwisho afisa mmoja kijana akaniambia kwa upole, "Mzee, taarifa zote ni kabati zima. Wewe unataka karatasi gani?" Aliniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kujiuliza nyumbani.

Ofisi haihifadhi mada. Inahifadhi mafaili, na ndani ya faili kuna karatasi zenye majina. Kazi yoyote ya ujenzi ya jiji, iwe barabara, mtaro, choo cha soko au madarasa, huacha nyuma karatasi hizi: mpango wa ununuzi wa mwaka, tangazo la zabuni, mkataba na mkandarasi, orodha ya kazi na bei zake (mafundi na makandarasi wote huiita BOQ), vyeti vya kazi iliyofanyika, na vocha za malipo. Mradi ukiwa wa makusanyo badala ya matumizi, kama kodi ya majengo, leseni za biashara au maegesho, basi omba makisio ya mwaka na taarifa ya makusanyo ya kila robo.

Ombi zuri, kwa hiyo, husomeka hivi:

"Naomba nakala za karatasi zifuatazo kuhusu ujenzi wa mtaro wa barabara ya (jina), kata ya (jina), mwaka wa fedha 2023/24: (1) mkataba kati ya jiji na mkandarasi, (2) BOQ iliyoambatanishwa na mkataba huo, (3) vyeti vya malipo vilivyotolewa hadi tarehe 30 Juni 2024."

Barabara moja, mwaka mmoja, karatasi tatu. Ukitaja hivyo, mtu wa masijala anajua avute faili gani, na anayetaka kukukatalia hapati mwanya wa kusema hakuelewa. Kati ya hizo tatu, ikibidi uchague moja tu, chagua BOQ. Mkataba utakupa jumla ya fedha, lakini BOQ ndiyo inayosema karavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni ngapi, za kipenyo gani, na kila moja kwa bei gani.

Fomu, kitambulisho na ada

Ombi hujazwa kwenye fomu iliyowekwa na kanuni za 2011. Unaandika jina lako, anwani na simu, karatasi unazotaka, na jinsi unavyotaka kuzipata: kupewa nakala au kukaa ofisini na kuzisoma. Kama karatasi ni nyingi na mfuko ni mwepesi, omba kuzisoma pale pale na uende na daftari.

Haki hii ni ya raia, kwa hiyo ambatanisha nakala ya Ndaga Muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini, ambao wengi ndio tunaongea nao Kiswahili sokoni kila siku, hawawezi kuomba kwa jina lao. Inaniuma, kwa sababu ushuru wa soko wanaulipa kama sisi. Kwa sasa njia iliyopo ni raia jirani kuomba kwa jina lake.

Sheria haikudai ueleze sababu ya kuomba. Ukiulizwa "unazitaka za nini?", jibu kwa heshima kwamba sheria haiangalii sababu yako, na usiingie kwenye mabishano.

Fomu iko kwa Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi hilo kwenye fomu na kumpa nakala. Mama mzee wa mtaani kwako anaweza kwenda mwenyewe.

Kanuni zinataja ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa, na gharama ya kutoa nakala inaweza kuongezwa. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Usimpe mtu pesa mkononi hata akiahidi kuharakisha.

Kupeleka, na suala la muhuri

Kwa sheria hii, afisa wa taarifa ni mkuu wa taasisi yenyewe. Kampala andikia Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA, kwenye majiji mengine Karani wa Jiji, na wilayani Afisa Mkuu Tawala, yaani CAO. Usimwandikie meya wala diwani. Mnakilie tu ukipenda.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masijala, na ya pili inarudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Omba kwa adabu: "Mama, naomba unigongee muhuri kwenye nakala yangu pia." Akisema muhuri hautolewi, kaa kwenye benchi, subiri msimamizi wake. Mimi nimewahi kukaa kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana kwa ajili ya muhuri mmoja, na ningekaa tena. Bila tarehe ile huna pa kuanzia kuhesabu siku, na asiyeweza kuhesabu siku hana la kumwambia hakimu.

Siku 21

Afisa ana siku 21 za kukujibu. Anaweza kuziongeza mara moja, kwa siku zisizozidi 21 nyingine, lakini lazima akuarifu. Kama karatasi ziko taasisi nyingine, anapaswa kulihamishia ombi huko. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Kimya kile ndicho jibu, kwa hiyo usiendelee kungoja kwa miezi ukiambiwa "bosi amesafiri".

Wanaweza kukatalia vitu fulani: mafaili ya Baraza la Mawaziri, mambo ya usalama wa taifa, maisha binafsi ya mtu, siri za kibiashara za kampuni. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika zaidi kuhusu mikataba. Jibu lake ni kwamba sehemu isiyo ya siri inaweza kutenganishwa ukapewa, na kwamba sheria inaruhusu taarifa itolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi.

Kwa Hakimu Mkuu

Hatua inayofuata ni malalamiko kwa Hakimu Mkuu wa eneo lako, na usiporidhika naye, rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Peleka ombi lenye muhuri, risiti ya ada, na barua ya kukataliwa kama ipo.

Jiandae pia kueleza umma utafaidika nini. Waandishi wa habari Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama walidai mikataba ya mafuta mbele ya mahakama ya Nakawa, na mwaka 2010 hakimu aliwakatalia kwa kuona hawakuonyesha kwamba maslahi ya umma yanazidi madhara ya kuitoa. Sheria haikuulizi sababu wakati wa kuomba. Lakini mahakamani, taarifa ikiguswa na moja ya makatazo, maelezo hayo ndiyo yatakayokubeba. Yaandike mapema: watoto wangapi wanavuka mtaro huo, nyumba ngapi zilifurika, soko lilifungwa siku ngapi.

Ukishazipata

Chukua BOQ, chukua futi ya fundi, nenda barabarani na watu wawili watatu wa mtaa, pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Hesabuni karavati, pimeni upana na kina, pigeni picha, andikeni tarehe. Tofauti mkiiona, mpelekeeni kwanza diwani wenu kwa maandishi, kisha kamati ya hesabu ya wilaya au jiji, na kama kuna dalili za wizi, ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali, IGG. Afisa anayeharibu, kuficha au kughushi karatasi ili usizipate naye ametenda kosa linaloweza kumpeleka jela hadi miaka mitatu, na hilo pia linaripotiwa.

Siku ya baraza la wananchi likiitishwa, nenda na nakala kumi za ukurasa mmoja tu, ule wenye namba ya karavati zilizolipiwa, na chini yake uandike kwa kalamu namba mliyoihesabu. Zigawe kwenye viti kabla wakubwa hawajafika.