Ndugu kafa kwenye ajali: rambirambi ya mwenye gari siyo fidia, fuateni hivi

Huku kwetu Kusini mwa Tanzania ajali ikishaua mambo yanakimbia. Asubuhi lori limegonga bodaboda njia ya Mingoyo, jioni watu washazika, kesho yake mwenye gari katuma watu msibani na bahasha, mchele, na kikaratasi cha kusaini. Wajomba wanasaini kwa sababu wageni wamekuja kwa heshima, mjane yuko ndani eda ndo imeanza hata hakuulizwa. Jamani rambirambi pokeeni, ni utu, lakini msisaini kitu chochote kinachosema "tumemalizana" au "hatutadai tena". Kama lazima waandike, waandike ni mchango wa mazishi, basi.

Kabla ya kuzika kuna jambo moja, najua linauma. Mwombeni daktari, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, afanye uchunguzi wa mwili na aandike ripoti ya sababu ya kifo. Sisi tunapenda kuzika haraka na ni sawa, ila bila hiyo ripoti baadaye bima wanaweza kubisha kwamba marehemu alikufa kwa maradhi yake. Na kama alilazwa akafa baada ya wiki kadhaa ndo muhimu zaidi, tunzeni PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali) na makaratasi yote ya hospitali, yaonyeshe kifo kinatokana na ile ajali.

Siku hiyo hiyo mtu mmoja mwenye akili iliyotulia apige picha namba za gari (tela lina namba yake, piga zote mbili), stika ya bima kama ipo, na achukue majina na simu za walioona. Kwa kawaida kila gari barabarani kisheria lazima liwe na bima, angalau ile ndogo ya mtu wa tatu, na "mtu wa tatu" ni nyie mliogongewa. Kwa namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) bima ni ya kampuni gani na kama ilikuwa hai siku ya ajali.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea. Dereva akipelekwa mahakamani kwa kusababisha kifo, ile ni kesi ya Jamhuri, nyie ni mashahidi tu, na akipigwa faini hela inaenda serikalini. Fidia mnaidai wenyewe kwa njia nyingine. Ila msiitupe hiyo kesi, jueni namba yake na tarehe zake, maana nakala ya hukumu bima wataiomba na dereva akitiwa hatiani kazi ya kuthibitisha uzembe wake inakuwa nyepesi sana kwenu.

Makaratasi: trafiki wanatoa ripoti ya ajali PF 90, mchoro wa eneo, na PF 93 ya ukaguzi wa gari. Cheti cha kifo ni RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), sajilini ndani ya siku 30. Halafu kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mmoja ateuliwe na kwa wengi wetu huku aende Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Mjane akiwa edani siyo sababu ya kusubiri miezi minne na ushee, wala siyo sababu ya kumuweka pembeni, akae na msimamizi aelezwe kila hatua. Kisheria wanaolengwa na fidia ya kifo ni mke au mume, watoto na wazazi. Mjomba anasaidia kufuatilia, hela siyo yake.

Halafu thibitisheni marehemu alikuwa anaingiza nini, hapa ndo fidia inapopanda au kushuka. Mkulima wa korosho ana stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na malipo yaliyopita benki, chukueni za misimu kadhaa siyo mmoja. Bodaboda ana mkataba wa pikipiki na miamala ya simu. Risiti za ada na matibabu zinaonyesha nani alikuwa anamtegemea.

Mkikuta gari halina bima bado mnaweza kumshtaki dereva pamoja na mwenye gari, maana bosi anawajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Marehemu aliyekuwa abiria wa kulipa nauli analindwa na bima ya basi, ila aliyepewa lifti ya bure kwenye gari binafsi anaweza asiwemo kwenye bima ya lazima, hapo muoneni wakili mapema. Na kama alifia kazini, mfano utingo au dereva mwenyewe, mwajiri atoe taarifa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) na wategemezi waombe huko, na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) muulizie mafao ya warithi.

Muda usiwadanganye. Kesi za madhara ya namna hii zina ukomo wa miaka 3, na gari likiwa la serikali lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90. Bima nao wapeni barua kabla hamjafungua kesi, ipigwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Wakizungusha au wakitaja kiasi cha ajabu, msisaini dischaji vocha, maana ukishaisaini umefunga madai, nendeni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hatozi hela, au mahakamani. Wasiokuwa na uwezo waulize ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii halmashauri, wawaunganishe na wasaidizi wa kisheria.

Vishoka watakuja hadi msibani wakisema "tunawafuatilia, tugawane nusu". Mkatalieni. Na kwenye madai andikeni majina ya watoto wote tangu mwanzo, hata aliye tumboni na yule anayelelewa kwa bibi Newala, kwa sababu mahakama inagawa fungu la kila tegemezi kulingana na walioorodheshwa.